Pimeni kabla ya kugawa: barua ya wazi kuhusu vifaa saidizi mkoani Tanga

Kwa: Waheshimiwa Wenyeviti wa Halmashauri, Wakurugenzi Watendaji, Waganga Wakuu wa Wilaya na Maafisa Ustawi wa Jamii, Mkoa wa Tanga

Kutoka kwa: Watumiaji wa vifaa saidizi, walezi na mafundi, Tanga

YAH: VITI MWENDO, MAGONGO, VIFAA VYA USIKIVU NA VIFAA VINGINE SAIDIZI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Haya tunayoyaandika tumekwisha kuyapeleka ofisini kwa mkono mara mbili. Barua zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na hadi leo hazijajibiwa. Ofisi hatuitaji, kwa sababu nia yetu si kumwaibisha mtu, na kwa sababu tatizo lenyewe halikai katika wilaya moja. Tumeamua kuliweka hadharani ili kila anayehusika, awe diwani wa Pangani au muuguzi wa Lushoto, ajue kinachotakiwa kufanywa.

Mkoa huu haukosi watu wa kutoa. Viti huja, magongo huja, hotuba husomwa na picha hupigwa. Kinachokosekana ni kazi ya kabla ya kukabidhi na kazi ya baada ya kukabidhi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo unataja hatua 8: rufaa na miadi, kumpima mtu, kuandika aina na vipimo vya kiti, fedha na kuagiza, kukiandaa kiti, kukirekebisha mwenyewe akiwa amekikalia, kumfundisha yeye na nduguze, halafu matengenezo na ufuatiliaji. Siku ya kukabidhi, kama tunavyoizoea, haikamilishi hata moja kati ya hizo.

1. Viti vinagawiwa bila kupima

Fundi cherehani wa Ngamiani hakati kanzu yako ya Idi kabla hajakupima mabega na urefu. Kanzu hiyo utaivaa saa chache. Kiti mwendo mtu hukikalia tangu alfajiri hadi usiku, kila siku, na hukabidhiwa kwa kusomwa jina kwenye orodha.

Viti vingi vinavyogawiwa ni vile vya kukunja vya hospitali, vilivyobuniwa kumsukuma mgonjwa kutoka wodini hadi chumba cha eksirei. Upana wa sehemu ya kukalia ni inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Mtoto wa miaka 7 ana nyonga za sentimita 25 hivi. Mkalisheni humo mumtazame. Atalalia upande mmoja akitafuta pa kujishikiza, na uti wa mgongo utafuata huko huko. Mikono haifiki kwenye magurudumu, miguu inaning'inia kwa kuwa kikanyagio kiko mbali. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hali yake ni nzito zaidi, maana kichwa na kiwiliwili visiposhikiliwa vizuri hata kumeza uji ni hatari, anapaliwa. Huyo anahitaji egemeo refu, vishikizo vya pembeni na mkanda wa nyonga. Kumpa kiti cha hospitali ni kumwongezea ulemavu.

Vipimo vya msingi ni vinne, na tepu ya fundi cherehani inatosha. Upana wa nyonga ndio upana wa kukalia. Urefu wa paja hupimwa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hupunguzwa sentimita 3 hadi 6 ili ukingo wa kiti usimkandamize nyuma ya goti. Urefu wa muundi, kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, hutupa mahali pa kikanyagio. Cha nne ni kimo cha egemeo: anayejisukuma mwenyewe egemeo lake liishie chini ya mfupa wa bega, ili mkono upate nafasi ya kurudi nyuma. Kikanyagio kirekebishwe mto ukiwa tayari kitini, kwa sababu mto wa sentimita 5 humwinua mtu sentimita hizo. Hili la mwisho husahauliwa hata na wanaopima.

2. Kiti hutolewa bila mto

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana hapa watu hufa. Mtu aliyeumia uti wa mgongo, au kijana aliyezaliwa na mgongo wazi, mara nyingi hana hisia kwenye makalio. Sisi wenye hisia hujigeuza kitini bila hata kujijua. Yeye mwili haumwambii. Mfupa wa kalio hukandamiza nyama, damu haipiti, na ndani ya saa chache tu kidonda kimeanza. Kwenye ngozi nyeusi hakianzi kwa wekundu kama vitabu vingi visemavyo. Huanza kwa doa jeusi kuliko ngozi ya pembeni, lenye joto au ugumu, lisilofifia ukilibonyeza. Doa hilo likionekana, mtu asilikalie tena hadi liishe. Likiachwa hutoboka, usaha huingia hadi mfupani, na kupona huchukua miezi, kama atapona.

Kipimo cha mto kinajulikana na hakina gharama. Mtu akiwa amekaa, mwombe ruhusa, kisha pitisha vidole chini ya kalio lake, kiganja kikitazama juu, hadi uuguse ule mfupa mgumu anaoukalia. Ncha za vidole zikiweza kucheza juu na chini kiasi cha nusu sentimita, mto unafaa. Zikishindwa kucheza lakini zikachomoka bila taabu, hiyo ni tahadhari. Zikibanwa, mto huo utamtoboa na usitumike. Pima kalio la pili pia, kwa sababu wengi wamekaa upande.

Mto unaofaa hushonwa hapa hapa. Sponji ngumu chini, iliyochongwa bonde mahali mifupa inapokaa, sponji laini juu yake, karatasi ya nailoni ya kuzuia mkojo usiingie ndani, na kifuniko cha kitambaa cha kufulika. Sponji ya godoro peke yake haifai, hushuka baada ya miezi michache na mtu akawa amekalia ubao bila kujua. Pamoja na mto, afundishwe kuinama mbele au kuegemea upande ili kupumzisha makalio kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kujikagua kila jioni kwa kioo cha mkononi au kwa macho ya nduguye.

3. Kiti hakifanani na ardhi

Magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha hospitali ni membamba na magumu. Kwenye sakafu ya vigae hupita vizuri. Kwenye mchanga wa Mwambani au Pangani huzama, kiti kikasimama ghafla, na aliyekikalia akaenda mbele kwa uso. Lushoto na Bumbuli kuna mawe na miteremko, Muheza kuna tope la masika. Kwa njia za namna hii kuna viti vya magurudumu matatu, virefu, vyenye gurudumu moja kubwa la mbele lililo mbali na miguu. Hivyo havizami wala havipinduki upesi.

Baiskeli ya kuzungusha kwa mikono inamfaa mwenye mikono yenye nguvu na safari ndefu, tuseme kutoka Pongwe kuja mjini. Haiingii ndani ya nyumba wala chooni. Anayeitumia anahitaji na kifaa cha pili cha nyumbani, na hilo ni hitaji halali. Halafu upimwe mlango. Kiti chenye sehemu ya kukalia ya sentimita 46 kina upana wa jumla wa karibu sentimita 65. Mlango wa choo wa sentimita 60 hautakipokea, na mwenye kiti ataendelea kutambaa hadi chooni huku kiti kikimsubiri uani.

4. Hakuna vipuri wala fundi aliyepewa kazi

Tanga ni mji wa baiskeli. Kila mtaa una fundi chini ya mwembe mwenye pampu, spana na beseni la maji la kutafutia pancha. Mikono ya kutengeneza viti tunayo tayari. Kilichokwamisha ni vipuri, na vipuri vimekwamishwa na anayeagiza kiti bila kuuliza kinatumia nini.

Mfano wa karibu kabisa ni tairi. Kiti cha hospitali kina tairi ya nyuma iliyoandikwa 24 × 1⅜. Duka la baiskeli lina tairi iliyoandikwa 24 × 1.75. Zote ni “inchi 24”, lakini ya kwanza hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 540 na ya pili milimita 507. Haziingiliani hata ukizilazimisha. Mlezi hununua, hurudi nyumbani, haivai, na pesa imekwenda. Namba ya kuangalia ni ile ndogo ya pembeni mwa tairi: 37-540 au 47-507. Kiti kilichoagizwa kikiwa na rimu za baiskeli ya kawaida, mtu hupata tairi na tyubu hata Handeni siku ya gulio.

Beringi nazo zina namba, si jambo la kubahatisha. Zinazokutwa sana kwenye viti ni 608 (tundu milimita 8, nje 22), 6001 (12 na 28) na 6202 (15 na 35). Hii ya mwisho hupatikana hata kwa wauza vipuri vya pikipiki. Hewa ya chumvi ya pwani huziua zile zisizozibwa, kwa hiyo ziagizwe zenye kizibo cha mpira pande zote mbili.

Kinachovunja kiti mara nyingi huanza kidogo. Upepo ukipungua, breki haishiki, kwa sababu breki ya kiti mwendo hubana tairi yenyewe. Mtu akihamia kitandani kiti kinakimbia, anaanguka. Ubonyezapo tairi kwa dole gumba isizame zaidi ya nusu sentimita. Bolti ya msalaba chini ya kiti ikilegea, bomba hutikisika hadi likapasuka. Spana namba 10 na 13 zikizungushwa mara moja kwa mwezi huzuia hilo. Likishapasuka huchomelewa, ila fundi wa magrili akitumia fimbo ya kuchomelea ya milimita 3.2 hulitoboa, maana bomba ni jembamba. Atumie ya 2.5 na moto mdogo, na kitambaa cha kiti kivuliwe kwanza kisiungue.

5. Magongo, fimbo nyeupe na miguu bandia

Gongo la kwapani liishie vidole viwili hadi vitatu chini ya kwapa, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikipinda kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Mtu aliyepewa gongo refu huning'inia kwa kwapa, mishipa ya fahamu hubanwa, mkono ukaanza kufa ganzi. Kofia ya mpira ya chini ikilika, gongo huteleza kwenye saruji yenye maji, na aliyekuwa na mguu mmoja mbovu huvunja na wa pili. Kofia hizo ni kitu kidogo sana cha kukosekana kwenye stoo ya kituo cha afya.

Fimbo nyeupe ifike kwenye mfupa wa kifua cha mwenyewe, na itolewe pamoja na mafunzo ya kutembea nayo. Bila mafunzo hukunjwa na kuwekwa mvunguni.

Mguu bandia wa mtu mzima huhitaji kubadilishwa kila miaka 3 hadi 5, wa mtoto kila miezi 6 hadi 12 kwa sababu anakua. Wanaotengeneza wako Moshi na Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa upande wowote. Mtoto wa Kilindi anayetakiwa kwenda mara mbili kwa mwaka pamoja na mlezi hawezi, na mguu uliombana huishia juu ya dari.

6. Vifaa vya usikivu vimegeuka mapambo

Kifaa cha usikivu hula betri. Nyingi ni namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, au 675, yenye kibandiko cha buluu. Hudumu wiki moja hadi mbili na huanza kuisha mara tu kibandiko kinapobanduliwa, hata kama kifaa kimezimwa. Mwanafunzi aliyepewa kifaa na betri nne amepewa usikivu wa mwezi mmoja, ukizidi sana miwili. Plagi ya sikioni nayo hufinyangwa kwa sikio la mtu mmoja. Mtoto akikua hulegea, kifaa kikaanza kupiga filimbi, mwalimu akaamuru kizimwe. Na unyevu wa pwani huziba kimrija cha kupeleka sauti sikioni: kila usiku betri itolewe, kifaa kilale kwenye kopo kavu lenye mfuniko.

7. Watu wenye ualbino

Mafuta ya kukinga jua ni kifaa saidizi sawa na gongo. Yanatengenezwa Moshi, si ng'ambo. Yakikatika kwa miezi mitatu ngozi haisubiri. Yawe kwenye orodha ya dawa za kituo, pamoja na kofia pana na kupima macho.

Majibu tunayoyategemea

Mtasema hakuna bajeti. Tunakubali kwamba kiti ni ghali. Lakini tyubu, kofia ya gongo, betri na mita moja ya sponji si ghali, na ndivyo vinavyokosekana zaidi. Kidonda kimoja kilichofika mfupani hula dawa na kitanda cha wodini kwa miezi.

Mtasema zipo fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo ya biashara, na hurejeshwa. Mtu hawezi kukopeshwa mguu wa kumfikisha kwenye hiyo biashara.

Mtasema hakuna wataalamu. Chuo cha mafundi wa viungo bandia Moshi, TATCOT, kipo tangu 1981. Mafunzo ya ngazi ya msingi ya viti mwendo ya Shirika la Afya Duniani ni ya siku 5. Muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia au fundi mwenye nia akiyapata ataweza yote tuliyoyaeleza katika namba 1 na 2.

Mtasema wakipewa wanauza. Wako waliouza. Ulizeni kiti kilichouzwa kilikuwa cha upana gani, na aliyekiuza ana upana gani. Kiti kinachomtosha mtu na kumfikisha sokoni hauzi.

Mtasema wafadhili huleta wanachotaka. Huleta wanachotaka kwa sababu hakuna aliyewaandikia tunachohitaji. Karatasi moja yenye saizi, aina ya rimu, namba ya beringi na sharti la mto ingebadilisha shehena nzima.

Na mtasema takwimu hamna. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoani hapa watu zaidi ya milioni 2.6, na kitaifa ilionyesha ulemavu kwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, iliweka wajibu kwa serikali za mitaa, na kamati za watu wenye ulemavu zipo kwa ajili hiyo. Zipeni daftari na kalamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 20 kinazungumzia hasa vifaa vya kutembelea vyenye ubora, kwa gharama ambayo mtu anaimudu, pamoja na mafunzo.

Tunachoomba

Kwanza kabisa, kuanzia sasa kisikabidhiwe kiti hata kimoja bila fomu ya vipimo vinne na kipimo cha mto, iliyosainiwa na aliyepima. Hili halihitaji bajeti wala kikao. Shehena ikija kabla ya kupima, ikae stoo.

Pili, kila halmashauri ipeleke watu wawili kwenye mafunzo ya siku 5 kabla mwaka wa fedha ujao haujaanza Julai 1, na itenge siku moja kwa mwezi ya upimaji katika kituo cha afya kinachofikika kwa daladala. Kwa Lushoto na Kilindi wapimaji wawafuate watu vijijini.

Tatu, liwepo fungu la vipuri ndani ya bajeti. Kwa kila viti 50 tunapendekeza kuanzia na tyubu 60, tairi 30, beringi 100 za namba zinazotumika, spoki 200, jozi 15 za breki, mita 20 za kitambaa kizito cha kukalia na sponji ya mito 50. Kofia za magongo 200, betri za usikivu 4 hadi 8 kwa mwezi kwa kila anayetumia vifaa viwili. Fundi baiskeli mmoja kwa kila tarafa aingie mkataba, alipwe kwa kazi aliyoifanya, na jina lake libandikwe zahanati.

Nne, wanaohitaji miguu bandia wapangiwe safari ya pamoja mara mbili kwa mwaka, gari moja, au mafundi waje Tanga kwa wiki moja kuchukua vipimo na kurudi kuvisha. Tunapenda zaidi hili la pili, kwa sababu mguu bandia haupiti bila marekebisho siku ya kuvaa.

Tano, daftari la watumiaji lifunguliwe kata kwa kata: nani ana nini, kilitolewa lini, kimekaguliwa lini. Aliyepewa kiti atembelewe ndani ya wiki 6 za mwanzo, kisha kila miezi 6. Mwenye dalili ya kidonda asisubiri zamu.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakionyesha ombi kwa ombi lililokubaliwa, lililokataliwa, na sababu. Mafundi wetu wako tayari kuja kuonyesha upimaji mbele ya wataalamu wenu siku yoyote mtakayopanga. Tepu tutakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Watumiaji wa vifaa saidizi, walezi na mafundi
Tanga

Nakala: Waheshimiwa Madiwani wote, kamati za watu wenye ulemavu za kata, vijiji na mitaa, mbao za matangazo za zahanati na vituo vya afya.